Somo Ambalo Hukulichagua

Maandiko ya juma: Luka 4:16-30, 1 Wafalme 21, Matendo 8:26-39



Kuna swali ambalo nimeulizwa hapa kanisani zaidi ya mara moja, na karibu kila mara limeulizwa kwa sauti ya chini, pale mlangoni, watu wakishatoka. "Pastor, ni sawa nikisoma masomo ya siku ya Wakatoliki?"

Naelewa linatoka wapi. Wengi wetu tuna watu wetu kule. Mwingine alizaliwa huko akabatizwa huko, ameokoka akiwa mtu mzima. Mwingine ameolewa katika boma la Wakatoliki. Mwingine ana dada yake anayemtumia masomo kwa simu kila asubuhi kabla hata hajanywa chai. Anasoma, anaguswa, halafu anashika kichwa: je, nimeguswa na Mungu, au nimeanza kurudi nilikotoka?

Nilipanga kujibu hilo swali kwa kifupi, lakini nikaona chini yake kuna lingine kubwa zaidi. Neno linawezaje kuwa langu mimi kama limepangwa na watu wengine, miaka mingi kabla sijalisoma, na linasomwa siku hiyo hiyo na mamilioni ya watu duniani? Sisi tunapenda kusema, "Mungu amenipa rhema." Sasa rhema itatoka wapi kwenye kalenda?

Hebu tuanze kwa kujua hicho kitu chenyewe ni nini, maana wengine tunakiogopa tu kwa sababu hatukijui.

Masomo ya siku ni nini?

Kanisa Katoliki lilifanya mkutano mkubwa wa maaskofu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kuanzia 1962 hadi 1965. Mwaka 1963 mtaguso huo uliagiza kwamba waumini wafunguliwe hazina za Biblia kwa wingi zaidi kuliko zamani. Kabla ya hapo masomo ya Jumapili yalikuwa yanazunguka kwa mwaka mmoja tu, halafu yanarudi yale yale. Mwaka 1969 ukatoka mpangilio mpya. Jumapili zikawekewa mzunguko wa miaka mitatu: mwaka wa Mathayo, mwaka wa Marko, mwaka wa Luka. Yohana anasikika sana kuelekea Pasaka na baada yake.

Siku za katikati ya wiki pia zikapangiwa masomo yake. Kuna Somo la Kwanza, kuna zaburi, kuna Injili. Katika zile wiki zisizo za Majilio, Krismasi, Kwaresima wala Pasaka, Injili ni zile zile kila mwaka: wanaanza na Marko, wanaingia Mathayo, wanamaliza na Luka. Lakini Somo la Kwanza hubadilika, mwaka mmoja hivi na mwaka unaofuata vile, kisha linarudi. Kwa hiyo lile la 2024 ndilo la 2026 pia.

Sasa nisikize vizuri. Mimi si Mkatoliki, na gazeti hili si la Wakatoliki. Kuna mambo ambayo hatukubaliani nao na hatutajifanya tunakubaliana. Kuna siku Somo la Kwanza linatoka katika vitabu kama Hekima ama Yoshua bin Sira, ambavyo havimo katika Biblia yako. Ukifika siku hiyo, chukua zaburi na Injili, umeshiba. Pia masomo hayo wakati mwingine huruka mistari, kwa hiyo fungua Biblia yako usome sura nzima. Lakini Luka wao ndiye Luka wetu. Zaburi ya 51 haina dhehebu. Na Nabothi hajawahi kuwa Mkatoliki wala Mpentekoste.

Nimemtaja Nabothi kwa sababu. Kuna dada mmoja katika kanisa letu ameniruhusu nisimulie jambo lililompata, bila jina lake wala la nyumbani kwao.

Jumatatu ya Nabothi

Mwezi wa sita 2024 dada huyu alikuwa ushago akimwuguza mama mkwe wake. Mama ni Mkatoliki wa miaka mingi. Mtoto wa jicho amemzuia kusoma, kwa hiyo kila asubuhi anaomba asomewe masomo ya siku. Dada yetu ameokoka na anampenda mama yake, akasema, nitasoma, Biblia ni Biblia. Kila akimaliza somo anasema, "Neno la Bwana," na mama anaitikia, "Tumshukuru Mungu." Ndivyo wanavyofanya kule.

Katika boma hilo kulikuwa na jambo. Baba mkwe alifariki, na shamba bado liko kwa jina lake. Kipande kilicho kando ya barabara kinalimwa na mjane wa ndugu ya mumewe, na ana watoto. Mnunuzi alikuwa amepatikana, na bei ilikuwa nzuri. Nyumba ya dada yetu ilikuwa na deni la karo. Nyinyi mnajua mambo ya urithi yanaanzia wapi: kwa barua ya chifu, ile inayoorodhesha warithi wa marehemu. Ndugu wawili wakakubaliana orodha ipelekwe kwa chifu bila jina la mjane. Na kwa kuwa dada yetu ana mwandiko mzuri, ndiye aliyepewa kuiandika. Karatasi ilikuwa ndani ya mkoba wake, imekunjwa.

Jumatatu ile, juma la 11, Somo la Kwanza likawa 1 Wafalme 21:1-16. Hakulitafuta. Hakujua linakuja. Akaanza kusoma: mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi kwa sababu liko karibu na jumba lake. Anatoa bei nzuri. Nabothi anakataa kutoa urithi wa baba zake. Mfalme analala kitandani, amegeuza uso, hataki chakula. Mpaka hapo dada yetu alikuwa anasoma kama kawaida. Kisha akafika mstari wa 8, pale Yezebeli anapoketi kuandika barua kwa jina la mtu mwingine.

Aliniambia, "Pastor, sauti ilikatika. Sikuwa Ahabu. Sikuwa Nabothi. Nilikuwa yule wa barua."

Mama akauliza, "Mwanangu, mbona umenyamaza?" Akajikaza akamaliza. Akasema, "Neno la Bwana." Mama, asiyejua lolote kuhusu ile karatasi, akaitikia, "Tumshukuru Mungu."

Jioni akampigia mumewe simu. Na mume wake, ambaye pia anaijua Biblia, akaitisha asomewe Injili ya siku hiyo. Ilikuwa Mathayo 5:38-42, pale Yesu anapofundisha kwamba mtu akitaka kukuchukulia kanzu, mwachie na joho pia. Mume akasema, "Sasa unaona? Huyo mjane naye aachilie. Si ndivyo Yesu anasema?"

Watu wa Mungu, hapo ndipo nataka tukae kidogo. Siku moja, masomo mawili, na watu wawili wamepata maana mbili. Mmoja amepata Neno linalomkata yeye. Mwingine amepata Neno la kumkata mtu mwingine. Ni nani amesikia sauti ya Mungu?

Neno la kwangu, si la jirani

Nimesimama madhabahuni miaka mingi nikisema, "Mwambie jirani yako." Ni vizuri. Lakini kuna wakati jirani hana haja ya kuambiwa chochote.

Yesu aliposema juu ya kanzu na joho, alikuwa akimwambia yule anayedaiwa kanzu, yule aliyeonewa, ajue kwamba yuko huru asilipize kisasi. Hakuwa anampa mchukuaji kanzu andiko la kubebea mzigo wake. Mtu mwenye nguvu akimsomea mnyonge mstari huo ili amnyang'anye, amelitumia andiko kama Yezebeli alivyotumia muhuri wa mfalme. Muhuri ni wa kweli, lakini barua ni ya uongo.

Shetani naye alitafuta kumpa Yesu neno la kibinafsi. Mathayo 4 inasema alimpeleka juu ya kinara cha hekalu, akamnukulia Zaburi ya 91 kuhusu malaika wa kumshika asijikwae. Andiko ni la kweli. Limeelekezwa kwa mtu sahihi kabisa, Mwana wa Mungu mwenyewe. Lakini lilikuwa limegeuzwa kuwa ruhusa ya kumjaribu Baba, na Yesu alilikataa kwa andiko lingine. Kwa hiyo mtu akisema "andiko limenigusa", bado hatujajua mengi. Tunauliza: limekugusa likakuelekeza wapi?

Maana ya Neno kwangu si maana mpya ambayo wengine wote hawakuipewa. Ni maana ile ile, iliyoandikwa kwa watu wote, ikifika mlangoni kwangu na kuniita kwa jina. Hadithi ya Nabothi ina maana moja kwa kila mtu aliyeisoma siku ile, kutoka hapa mpaka Brazil: Mungu anaona shamba lililochukuliwa kwa hila, na hakubali. Dada yetu hakupewa tafsiri ya siri. Alipewa anwani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mkushi towashi katika Matendo 8. Alikuwa ndani ya gari lake, njia ya kwenda Gaza, akisoma Isaya 53. Swali lake kwa Filipo juu ya andiko hilo halikuwa, "Hii inanihusuje mimi?" Aliuliza nabii anamzungumzia nani. Filipo akaanzia andiko lilo hilo, akamhubiri Yesu. Na baada ya kumjua Yesu katika andiko, ndipo likaja la kwake: maji haya hapa, nini kinazuia nisibatizwe? Kwanza andiko linamhusu Yesu, halafu linanifikia mimi. Ukigeuza mpangilio huo, utajikuta unasoma Biblia kama kioo cha kujipaka mafuta tu.

Kwa nini somo usilolichagua

Tuseme ukweli wetu kama Wapentekoste. Tunayo maandiko yetu tunayoyapenda. Yeremia 29:11 iko kwenye kadi, kwenye vioo vya matatu, kwenye status. Ni ahadi nzuri na ninaiamini. Lakini ni wangapi tumesoma mstari wa 10 ulio juu yake tu? Pale Mungu anawaambia watu walio uhamishoni Babeli kwamba itachukua miaka 70. Waliopokea barua ile wengi wao wangezikwa huko kabla haijatimia. Ukilijua hilo, ahadi haipungui. Inakuwa ahadi ya kumshikilia mtu anayengoja muda mrefu, badala ya kuwa tiketi ya wiki ijayo.

Au Wafilipi 4:13. Tunaiandika kwenye jezi za mpira. Lakini Paulo hapo anazungumza juu ya kujifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Ni nguvu za kuvumilia kikombe kisicho na sukari.

Tukijichagulia wenyewe kila siku, tutachagua maandiko yanayokubaliana nasi. Ni kama mtoto aliyeachwa ajipikie: atakula andazi asubuhi, mchana na jioni. Sukuma wiki hataichagua kamwe. Uzuri wa somo lililopangwa ni huu: halijui shida zako, kwa hiyo haliwezi kukubembeleza. Linakuja kama lilivyo. Na Mungu anayejua shida zako ndiye anayejua litakukuta wapi.

Angalia Bwana wetu mwenyewe. Luka 4 inasema aliingia sinagogi siku ya sabato, kama ilivyokuwa desturi yake. Akapewa chuo cha nabii Isaya. Alipewa. Akakifungua, akapata mahali palipoandikwa juu ya Roho wa Bwana na maskini na wafungwa. Ni maneno ambayo watu wa Nazareti walikuwa wanayajua. Kisha akasema neno moja lililoamsha sinagogi lote: leo. Andiko ni la zamani, utimilifu ni leo. Na alipoendelea kuwaonyesha kwamba neema hiyo ilimfikia mjane wa Sarepta na Naamani Mshami, watu wa nje, wakakasirika mpaka wakataka kumtupa kutoka ukingo wa kilima. Walipenda andiko mpaka lilipokataa kuwa mali yao peke yao.

Kanisa la kwanza la Afrika pia linatufundisha. Karibu mwaka 270, kule Misri, kijana mmoja jina lake Antonio alikuwa amefiwa na wazazi miezi michache tu nyuma. Alikuwa na umri wa kama miaka 18 hadi 20, ameachiwa dada mdogo na mashamba mazuri. Akaingia kanisani, akakuta Injili inasomwa, pale Yesu anamwambia tajiri auze alivyo navyo awape maskini. Watu wote waliokuwemo walisikia maneno yale yale. Antonio akayasikia kama aliyeitwa jina. Akatoka akawapa wanakijiji mashamba yake. Askofu Athanasio wa Aleksandria ndiye aliyeandika habari zake. Hakukuwa na unabii wa pekee kwa Antonio siku hiyo. Palikuwa na msomaji, na somo, na moyo uliokuwa wazi.

Mtu ataniuliza, "Pastor, na kufungua Biblia popote, kidole kikaangukia mstari?" Sitasema Mungu hawezi. Augustino, Mwafrika mwingine, mwaka 386 akiwa Milan alifungua nyaraka za Paulo na macho yake yakaangukia Warumi 13, na maisha yake yakageuka. Lakini angalia ni nini alichokipata. Hakupata ahadi ya gari. Alipata mstari uliomkemea juu ya anasa zile zile alizokuwa hataki kuziacha. Hakufanya desturi ya kufungua ovyo kila asubuhi, alitumia maisha yake yote yaliyobaki kusoma na kufundisha Maandiko kwa utaratibu.

Jumanne inakuja

Narudi kwa Ahabu, kwa sababu kuna jambo hatujalimaliza. Kama dada yetu angesoma Jumatatu tu, angebaki na hukumu. Nabothi amekufa, mfalme ameshuka kulimiliki shamba, na somo linaishia hapo. Lakini masomo yale yanaendelea kwa mfululizo. Jumanne likasomwa kuanzia mstari wa 17 mpaka wa 29. Eliya anakutana na Ahabu shambani. Anamwambia yote. Na Ahabu, yule mbaya kuliko wafalme waliomtangulia, anararua nguo zake, anafunga, anatembea kwa unyenyekevu. Na Mungu anaona. Anamwambia Eliya, umeona alivyojinyenyekeza? Sitaleta mabaya katika siku zake.

Dada yetu alimsomea mama somo hilo pia. Na usiku huo akampigia mumewe tena. Hawakuelewana siku hiyo wala iliyofuata. Ilichukua karibu juma zima. Mwishowe ile orodha ikachanwa, ikaandikwa nyingine kwa mwandiko ule ule mzuri, na jina la mjane likawekwa pamoja na watoto wake. Mnunuzi akaenda kutafuta kwingine. Sitawadanganya kwamba wiki iliyofuata pesa zilishuka kutoka mbinguni. Karo bado wanalipa pole pole. Lakini aliniuliza, "Pastor, ile ilikuwa ni Mungu au ilikuwa ni kalenda?"

Nikamwambia: kalenda ilileta somo. Roho Mtakatifu alileta mkoba wako katikati ya somo. Na alama kwamba ni Yeye ni kuwa lilikugeuza kuelekea haki wakati lilikuwa linakugharimu. Mwili haumpi mtu mawazo ya namna hiyo.

Lakini kalenda peke yake haitoshi

Nisije nikaeleweka vibaya. Paulo, akihubiri Antiokia ya Pisidia katika Matendo 13:27, alisema jambo la kutisha. Watu wa Yerusalemu walikuwa wanasomewa manabii kila sabato, na hawakumtambua Yesu. Wakayatimiza maneno hayo hayo kwa kumhukumu. Fikiria. Somo la kila wiki, miaka na miaka, na Mwenye somo akisimama mbele yao hawamjui.

Hilo linaweza kumpata Mkatoliki anayesikia somo huku akiwaza kuku wake. Linaweza kumpata Mpentekoste anayepiga kelele "Amina!" kabla mhubiri hajamaliza mstari. Ratiba inakuwekea chakula mezani. Haitakutafunia.

Ndugu zetu wana ishara nzuri kabla ya Injili kusomwa: wanaweka alama ya msalaba kwenye paji la uso, kwenye midomo, na kifuani. Silazimishi mtu afanye hivyo. Lakini ombi lililo ndani yake naliunga mkono kabisa: Neno hili liingie akilini mwangu, litoke kinywani mwangu, likae moyoni mwangu.

Mtawa mmoja wa karne ya 12, Guigo wa Pili, alieleza usomaji kama ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Kusoma, alifundisha, ni kama kutia chakula mdomoni, na kutafakari ni kukitafuna. Wengi wetu tunatia mdomoni na kumeza bila kutafuna, halafu tunashangaa mbona hatuna nguvu.

Namna ya kusoma wiki hii

Nakupa njia rahisi. Unaweza kutumia masomo ya siku ya jirani yako Mkatoliki, au uchukue Injili ya Marko na kuisoma kipande kwa kipande kutoka mwanzo. La muhimu ni hili: usichague siku kwa siku. Pokea kinachofuata.

Kwanza, soma kwa sauti, mara mbili. Masikio hushika ambacho macho yameruka.

Pili, uliza: nani anaongea, na nani, na kwa nini? Mstari ulio juu unasemaje, na ulio chini je? Hapa yuko wapi Yesu? Usiharakishe kufika kwako.

Tatu, simama pale linapokugusa. Na pia simama pale linapokuudhi. Mara nyingi pale unapotaka kugeuza ukurasa haraka ndipo mlango wako ulipo.

Nne, omba kwa maneno ya somo lenyewe. Kama somo ni la toba, tubu. Kama ni la shukrani, shukuru hata kama siku yako imeanza vibaya.

Tano, toka na tendo moja la kufanya kabla ya jua kutua, na liwe lako wewe. Ukiona tendo lote linamhusu mume wako, au pastor, au yule dada wa kwaya, rudi usome tena.

Na zitakuwepo siku ambazo hutasikia kitu. Tarehe 17 Desemba, isipoangukia Jumapili, Wakatoliki husoma Mathayo 1:1-17, orodha ya majina tu. Mtu ataguswa na nini hapo? Lakini soma taratibu utamkuta Rahabu, utamkuta Ruthu Mmoabi, utamkuta mke wa Uria. Siku utakayoaibishwa na historia ya ukoo wako, utakumbuka kwamba Bwana Yesu aliingia duniani kupitia orodha kama hiyo. Somo la leo huenda ni akiba ya mwezi wa tisa. Mana ilikusanywa kila asubuhi, kipimo cha siku, na aliyeokota hakuona maajabu kila asubuhi. Lakini mana iliwalisha Waisraeli mpaka wakafika Kanaani.

Kwa hiyo kwa yule aliyeuliza mlangoni: ndiyo, soma. Soma na Biblia yako wazi, na akili yako macho, na Roho Mtakatifu akiwa mwalimu. Usiogope nani amekuandalia ukurasa. Ogopa tu kuufunga kabla haujakusomea wewe.

Tuombe.

Baba, tumezoea kuja kwako na majibu yetu mkononi tukitafuta andiko la kuyapigia muhuri. Tusamehe. Tupe leo sehemu yetu, ile uliyoichagua wewe. Ikiwa ni ya kutufariji, tuipokee. Ikiwa inataja shamba la mtu, mshahara wa mfanyakazi, ama maneno tuliyoyaandika gizani, tupe ujasiri wa kuichana karatasi na kuandika upya. Tusiwe watu waliosomewa kila sabato na wasikutambue. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.